Zombi Kwenye Mizani ya Maziwa

Aibu niliyoipata Bungoma mwaka jana haijaisha, imepungua makali tu, maana hata juzi nilikuwa sokoni pale nachagua ndizi na mama mmoja nisiyemjua kabisa akanitazama, akatazama nyuma yangu, akaniuliza kwa upole kama leo nimeangalia kwanza ni nani yuko nyuma ya pazia. Nikacheka naye, ningefanya nini. Lakini nimeona ni heri niwasimulie mimi mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa watu wa Bungoma mtaambiwa mpaka kwamba nililia, na mimi sikulia, lile lilikuwa vumbi la chakula cha ng'ombe (huko kwa vumbi tutafika, msiwe na haraka).

Wasionijua, mimi ni Simiyu, fundi wa kompyuta hapa Kitale, nina kaduka kenye meza mbili na feni isiyozunguka. Mke wangu Nafula ni mtu wa Bungoma. Wakati wa mkasa huu mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameanza kutambaa na kung'oa nyaya zangu, na nyanya yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa hajawahi kukanyaga kwetu kumwona. Kila Jumapili Nafula alikuwa anafagia uwanja mara mbili, anapika chai ya watu wengi kuliko sisi tuliomo, anasema pengine leo Mama atatokea, halafu jioni anamwaga ile chai nyuma ya nyumba. Hiyo chai iliyomwagwa ilikuwa inaniuma sana. Na kwa kuwa mtu akiumwa hutafuta wa kulaumu, mimi nilikuwa nimeshakata kesi kichwani mwangu, nikasema huyu mama ana madharau tu, hakutaka binti yake aolewe na mtu ambaye kazi yake haielezeki hata kanisani.

Sasa, mama mkwe huyo ndiye katibu wa kituo cha maziwa cha wakulima wa upande wao, nje kidogo ya mji. Wakulima wanaleta mikebe asubuhi, inapimwa kwenye mizani iliyounganishwa na kompyuta, mashine inachapa risiti, halafu lori linakuja adhuhuri kuchukua maziwa, na lori siku hizi halichukui mkebe ambao hauna risiti ya mashine. Mimi ndiye ninayeitunza mashine hiyo, lakini kwa mbali, kutoka Kitale, kwa mtandao, na nikihitaji kusema kitu naongea na mwenyekiti, Mzee Wekesa. Na mama mkwe siongei naye kabisa. Sio ugomvi, ni heshima. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawashikani mikono, hawali meza moja, na kiti chake hukikalii hata kama miguu imekatika. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Watu wa nje hucheka, lakini sisi tumezoea, na kusema kweli kuna siku inasaidia.

Basi asubuhi moja Mzee Wekesa akanipigia simu. Akasema, "Simiyu, hii mashine yako imekataa kupima. Inaandika ati haina nafasi, na mimi naangalia hapa kwa meza naona nafasi ni mob, meza yote tupu."

Nikajaribu kuingia kwenye mashine kutoka dukani, ikanikataa hata mimi, ati haiwezi kuanzisha kazi mpya yoyote. Hapo hapo nikajua ni zombi. Ngoja niwaeleze haraka, kwa wale ambao hawajabahatika kuishi na mashine zinazoendeshwa kwa mfumo wa Unix. Ndani ya mashine hizo programu moja inaweza kuzaa kazi ndogo, tunaziita watoto, na yenyewe ndiyo mzazi. Mkebe mmoja ukipimwa, programu ya mizani inazaa mtoto mmoja wa kuchapa risiti. Mtoto akishachapa, amemaliza, anakufa, hana neno. Lakini haondoki kabisa mpaka mzazi wake aulize habari zake, umemalizaje mwanangu, ajibiwe, ndipo mashine ifute jina lake. Mzazi asipouliza, mtoto anabaki hapo, hafanyi kazi, hali chochote, ila jina lake limeshika nafasi. Huyo ndiye zombi. Mmoja hana shida, hata kumi hawana shida, lakini programu hii ya mizani (iliyoandikwa na vijana fulani waliokwisha hama na nambari zao za simu) ilikuwa haiulizi mtoto hata mmoja, kwa hiyo kila mkebe uliacha zombi mmoja, na nafasi zikijaa hakuna mtoto mwingine anayeweza kuzaliwa. Mizani inabaki imeduwaa.

Dawa yake ya haraka ni nyepesi kuliko dawa ya kikohozi: zima, washa. Ningesema maneno hayo mawili kwa simu, Mzee Wekesa angeyapeleka ndani, maziwa yangepimwa, nami ningeendelea na chai yangu. Badala yake nikamwambia, "Msiiguse, mzee. Nakuja mwenyewe."

Hapo ndipo nilipojifunga kamba. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu niliona chai ya Nafula ikimwagwa. Nikafikiri, wacha mama asikie kwa masikio yake kwamba mkwe wake alishuka Bungoma, akaokoa maziwa ya kijiji kizima, labda hayo madharau yatalegea, aje amwone mtoto. Nikarudi nyumbani mbio nikavaa suti ya harusi, viatu vinavyometa, nikambeba yule mtoto nikambusu kama mtu anayeenda vitani, nikaondoka. Nafula aliniuliza tangu lini kompyuta inatengenezwa kwa tai. Nikamwambia atanishukuru.

Kutoka Kitale mpaka kule si mbali, lakini ni mbali kwa mkebe wa maziwa uliokaa juani. Niliposhuka kwenye pikipiki pale langoni, foleni ilikuwa imezunguka jengo, baiskeli zimeegemezana, watu wamefunika mikebe kwa majani ya ndizi na kwa kofia zao wenyewe. Waliponiona nimevaa hivyo walidhani ni mtu wa serikali, wengine wakaanza kunieleza habari za barabara. Mzee Wekesa akanipokea pale pale langoni, na mimi kwa adabu nikageuza uso kwa ukuta, nikainua mkoba wangu usoni, nikamwomba amjulishe mama kwamba nimefika ili apishe. Mzee akapaza sauti akiwa pale pale, kwamba mkwe ameingia. Nikasikia kiti kikisukumwa ndani, nyayo za haraka haraka, halafu kimya. Mzee akaniambia njia ni nyeupe.

Hebu nielezee hiyo ofisi, maana ndiyo iliyonimaliza. Ni chumba kimoja chenye mlango mmoja wa mbele na dirisha kubwa lisilo na kioo linaloangalia foleni, na kwa nyuma kuna pazia la maua. Ofisi zote za vituo vya maziwa nilizowahi kuingia, pale nyuma huwa pana mlango wa kutokea uani. Kwa hiyo mimi nilijua, bila kuuliza mtu, kwamba mama amepita kwenye pazia, ametoka uani, na sasa hivi yuko kwa jirani anakunywa maji. Kumbe nyuma ya lile pazia ni stoo ya chakula cha ng'ombe, imejaa magunia mpaka juu, haina mlango mwingine, haina dirisha, haina hata pa kugeukia. Na watu wote waliokuwa dirishani walikuwa wamemwona akiingia. Mzee Wekesa tu ndiye hakuona, alikuwa langoni na mimi.

Nikaikabili mashine. Kiti cha mama kilikuwa pale, kina mto wake mwekundu, na juu ya kibodi alikuwa ameacha kisweta kidogo cha kijani anachofuma, sindano bado ndani. Nikakiinua kwa ncha za vidole nikakiweka pembeni, sikukitilia maanani, nikasukuma kiti mbali kwa mguu. Kusimama huku umeinama kunachosha kiuno, kwa hiyo nikapiga magoti kwenye sakafu na suti yangu ya harusi, mikono juu ya meza, macho kwa skrini. Mzee mmoja dirishani akavua kofia akafumba macho, alidhani tunaanza kwa maombi.

Bahati ni kwamba mama alikuwa ameacha mashine wazi, kwa hiyo nilikuwa na mahali pa kuandikia amri zisizohitaji kuzaa kazi mpya. Nikaorodhesha kazi zote. Ehe. Walikuwa wamejaa skrini nzima, mstari chini ya mstari, kila mmoja ana herufi Z na lile neno la Kizungu ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema marehemu. Pembeni ya kila mmoja kuna nambari ya mzazi, na nambari ilikuwa ile ile moja kutoka juu mpaka chini. Kesi imekwisha, sivyo? Fundi mwenye akili timamu angesimamisha huyo mzazi mmoja na kwenda zake. Lakini dirishani kulikuwa na vichwa, tena vingi, na mtu akiwa na vichwa vinamtazama mkono wake unataka kufanya kitu cha kuonekana. Nikaanza kuwaua zombi mmoja mmoja, kwa amri kali kabisa, napiga kibodi kwa nguvu na kusema kwa sauti, "Huyo nimeua. Na huyu nimeua." (Najua, najua. Maiti haiuawi. Nilifundishwa, nilifanya mtihani, nikapita.) Nikaorodhesha tena, nao wapo wote, hakuna aliyepungua hata kidogo. Nikafuta jasho kwa tai.

Mzee Wekesa akaingiza kichwa mlangoni. "Sasa hii kitu unaua ni nini, bana? Tangu uingie unasema umeua, na mizani bado imenyamaza."

Hapo ndipo ingefaa niseme, mzee, nipe dakika moja. Lakini nilikuwa nimesafiri na suti. Nikageuka, bado nimepiga magoti, nikawaelekea wale wa dirishani kama mwalimu wa Jumapili, nikaanza kuwafundisha habari za mzazi na mtoto ndani ya mashine. Nikaona macho yao hayashiki. Nikatafuta mfano wa karibu, na mfano wa karibu ukanijia wenyewe, kwa sababu ulikuwa umekaa moyoni mwangu kwa miezi mingi ukingoja tu mlango ufunguliwe.

Nikasema, "Chukueni mfano wa mama mkwe wangu. Ana binti yake, ako Kitale, na huyo binti ako na mtoto. Je, yule mama ameenda hata siku moja kuuliza ati mwanangu, uko aje? Hajaenda. Msichana anangoja tu, jina liko, mama haulizi. Sasa hii programu ya mizani ni kama yule mama. Inazaa, halafu inasahau."

Mwanzoni kulikuwa na kicheko kimoja, kikakatika. Halafu foleni nzima ikanyamaza kimya, hata zile baiskeli nafikiri zilinyamaza. Mimi nikafurahi, nikaona sasa somo limeingia. Bi Zainabu, ambaye ana hoteli karibu na msikiti mjini na huja hapo kuchukua maziwa ya chai, alikuwa mbele kabisa dirishani, na akaanza kunifanyia ishara: anavuta leso anafunika uso wote, anafunua, anaelekeza kidevu kwa pazia, anafunika tena. Nikadhani jua linamsumbua. Nikamwambia asogee upande wenye kivuli, nikaendelea na hotuba, nikaongeza kwamba kuna watu wana roho ngumu, na kwamba mtoto hana kosa, na kwamba chai inamwagwa kila Jumapili.

Basi nyuma ya pazia mtu akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ya kubanwa kwa muda mrefu, ya mtu aliyekaa katikati ya magunia ya unga wa ng'ombe akijishika pua. Na mimi, kwa malezi mema niliyopewa na wazazi wangu, nikajibu bila hata kufikiri, "Pole."

Sauti ya mwanamke mtu mzima ikajibu kutoka ndani, taratibu, "Asante, mkwe."

Ndugu zangu, damu yote ilishuka ikaingia kwenye viatu. Nikainuka pale chini nikarudi nyuma, nikatafuta kitu cha kunishikilia, kitu kikanigonga nyuma ya magoti, nikakaa. Nikakaa vizuri kabisa, uzito wote, kwenye mto mwekundu. Kutoka dirishani nikasikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja. Nikatazama chini, nikaona nimekaa kwenye kiti cha mama mkwe wangu, mbele ya wakulima wote wa upande ule, na yeye mwenyewe yuko hatua chache kutoka pale, na amesikia kila neno. Nilitaka kusimama lakini amri haikufika miguuni.

Pazia likatikisika kidogo, halikufunguka. Yeye ndiye aliyeongea, na hakupaza sauti, ilibidi watu wa foleni wasogee ili wasikie.

"Simiyu. Nitakuja kwako aje na hujaniita? Sisi huku mama haendi kwa mkwe kama kuku imepotea njia. Wewe ndio unatuma mtu mzima, anakuja na maneno, ndio mimi nafunga safari. Nimengoja. Nilifuma sweta ya mtoto, nikasikia amekuwa mkubwa. Nikafuma ingine, nayo nikaambiwa haitamtosha. Hiyo umeondoa kwa meza ni ya tatu."

Halafu akasema, "Sasa maliza kazi. Maziwa ya watu inachacha."

Mimi ni mtoto wa Kitale, nimekulia kwenye nyumba za kupanga, mila nilizijua nusu: nilijua zile za kukimbia, sikujua za kuita. Hakuna aliyenifundisha kwamba mlango ulikuwa mkononi mwangu muda wote. Na Nafula naye hangeweza kunishinikiza nimwite mama yake, angeonekana anajiombea mwenyewe, kwa hiyo alikuwa anapika chai tu na kungoja nikomae. Nilimtazama yule mtu aliyekuwa haulizi habari za wenzake, na huyo mtu alikuwa amevaa suti yangu. Nilisikia vibaya, nawaambia ukweli, vibaya hata kuliko aibu yenyewe. Kile kisweta cha kijani kilikuwa kimebakisha mkono mmoja.

Nikageukia mashine, nikaandika nambari ya yule mzazi mmoja, nikaisimamisha programu ya mizani. Nikaorodhesha tena. Zombi wote wamekwisha. Hivyo ndivyo ilivyo, mzazi akiondoka, wale waliobaki wanachukuliwa na ile kazi ya kwanza kabisa ya mashine, ile inayoamka kabla ya zote, ambayo hupokea yatima wa kila mtu na kuwafuta bila maneno. Nikaiwasha programu upya, mizani ikalia pii, Mzee Wekesa akapandisha mkebe wa kwanza, risiti ikatoka. Foleni ikapiga makofi, na mpaka leo sijui yalikuwa ya mizani au ya mama.

Sasa nitoke. Yeye hawezi kutoka kabla yangu na mimi siwezi kutazama huko. Nikasimama macho juu kwenye mabati, nikatembea kinyumenyume kwa heshima zote, nikidhani naelekea mlangoni, kumbe naelekea kwenye gunia lililowekwa kando ya pazia kwa ajili ya kuuzwa kwa kibaba. Nikaliangukia. Likapasuka. Nilipotoka nje nilikuwa mweupe kutoka nywele mpaka viatu, macho yanatiririka, ndiyo hayo machozi wanayoyazungumza. Ng'ombe mmoja aliyekuwa amefungwa hapo nje akaanza kunilamba mkono wa koti.

Lori lilikuwa halijafika, kwa hiyo wazee wa foleni wakapata nafasi ya kufungua mahakama. Kesi ya kukalia kiti, faini mbuzi. Kesi ya ulimi, blanketi, tena zito. Nikauliza kama chakula cha ng'ombe kilichomwagika kinahesabiwa, nikaambiwa hicho kitahesabiwa kama nitaendelea kuongea. Bi Zainabu akanipa leso yake nijifute uso, akaniambia, "Nilikuonyesha mpaka mikono ikachoka, kaka, na wewe waniambia nisogee kivulini." Nikamwomba msamaha, naye akacheka mpaka akakaa juu ya mkebe.

Lakini mimi nilikuwa na jambo, na niliona nikiliacha liende mpaka kesho nitapoteza ujasiri. Nikamwita Mzee Wekesa kando, nikamwambia yeye ni mtu mzima, nami sina mwingine, anichukulie maneno. Tukarudi mpaka mlangoni, mama akapisha tena nyuma ya pazia, mimi nje nimeupa mgongo mlango, yeye ndani karibu na pazia. Nikasema, "Mwambie mama namkaribisha Kitale, aje aone mtoto, na nitatuma mtu na kila kitu kama inavyotakiwa." Mzee akageukia pazia, ambalo lilikuwa karibu naye kuliko mimi, akarudia neno kwa neno, pole pole, kama mtu anayetoa habari kutoka nchi ya mbali. Halafu pazia likamjibu mzee kwamba amesikia na atafikiria. Mzee akanigeukia akaniambia amesikia na atafikiria. Nikamshukuru kwa kuniletea jibu.

Nilipofika nyumbani Nafula alinitazama pale mlangoni, nimekuwa kama mandazi ambayo hayajakaangwa, akaniuliza kama mashine imepona. Nikamweleza yote, kuanzia mkoba usoni mpaka gunia. Nilipofika kwa visweta alikaa chini. Hakunilaumu, alinikung'uta unga mabegani kwa muda mrefu kuliko unga uliokuwepo. Siku ile ile nikakaa na ile programu ya mizani nikairekebisha, na sasa kila mtoto akimaliza kazi mzazi anamwuliza habari zake, hakuna zombi tena pale, na ilikuwa kazi ya mistari michache tu.

Mama alikuja. Mbuzi alitangulia, na blanketi, na Mzee Wekesa na maneno yake marefu, halafu Jumapili moja akaja yeye mwenyewe na wamama wawili wa kanisa lake wakimsindikiza. Nyumba yetu ni ndogo, sebule na chumba, katikati pazia. Ilibidi mmoja wetu asitirike, na kwa kuwa yeye ndiye mgeni, mimi ndiye niliyekaa chumbani juu ya kitanda, mikono magotini, nikisikiliza vikombe. Chai ilinywewa yote siku hiyo. Nilimsikia akimvisha mtoto sweta ya kijani, Nafula akicheka kwamba imezidi, mikono inafika chini, na mama akijibu kwamba safari hii aliamua kufuma kubwa, kwa sababu hakuwa na hakika mkwe wake angemwita lini.

Nikiwa pale kitandani niliapa mambo yangu. Niliapa nikiitwa kwenye mashine iliyoduwaa nitasema kwa simu, zima, washa, na nitabaki dukani kwangu na shati la kawaida. Niliapa sitamtolea mtu mfano hadharani kabla ya kuuliza vyumba vyote vina nani. Na zaidi niliapa kwamba nikiona mtu haji kwangu, kabla sijamwita mwenye madharau nitajiuliza kama nimemwita. Nilikuwa nimefika hapo, nimejaa unyenyekevu, wakati lile blanketi jipya la pili (nilinunua mawili, kwa usalama) liliponipandisha nyuzi puani. Nikajibana. Nikashika pua kwa mikono yote miwili. Chafya ikatoka hivyo hivyo, na ilikuwa kubwa.

Sebuleni vikombe vikasimama.

"Pole, mkwe," akasema mama.

"Asante, mama," nikajibu.